Kinshasa 1974: hivi nini hasa kilimwangusha George Foreman?

#1 Kona Nyekundu
Wakuu habari zenu. Tangu Foreman afariki Machi 21, 2025 nimekuwa narudia mapambano yake usiku nikitoka kazini, na kuna kitu kinanikera. Kila akitajwa huku kwetu watu wanamjua kama yule bingwa wa uzito wa juu aliyepigwa na Muhammad Ali Kongo, Oktoba 30, 1974, raundi ya 8, basi, kama vile alizaliwa alfajiri ile akafa alfajiri ile ile. Mtu kapigana mara 81, kashinda 76, na 68 kati ya hizo ni KO, yaani mpinzani hakumaliza pambano. Kapoteza matano tu maisha yake yote.

Hoja yangu hii hapa, njooni muipige mawe. Foreman hakuangushwa na kamba za ulingo wala joto, aliangushwa na ushindi wake mwenyewe. Angalieni: Januari 22, 1973 pale Kingston Jamaica anakutana na Joe Frazier, bingwa ambaye hajawahi kupigwa na mtu, anamdondosha mara 6 ndani ya raundi 2. Septemba yuko Tokyo, José Roman hamalizi raundi ya 1. Machi 1974 Caracas, Ken Norton anaishia ya 2, na huyu ni Norton yule yule aliyemvunja Ali taya mwaka mmoja nyuma. Yaani miezi 21 kabla ya Kinshasa jamaa kaonja raundi 5 tu na nyingi hazikuisha. Mtu wa hivyo raundi ya 8 ataijulia wapi?

#2 Kidedea77
Mkuu heshima yako ila umeruka kitu. Gregorio Peralta wa Argentina alimfikisha raundi ya 10 mara mbili, 1970 wakaenda mpaka pointi, 1971 Foreman akamtoa hiyo hiyo ya 10. Kwa hiyo raundi za mbele alizijua vizuri tu.

Mimi ni mtu wa kamba. Kamba za Kinshasa zilikuwa zimelegea mpaka Ali akiegemea kichwa kinatoka nje ya ulingo kabisa, Foreman anarusha konde linakuta hewa. Na mchana wake Angelo Dundee, kocha wa Ali, alionekana pale ulingoni anahangaika nazo. Alikuwa anafanya nini pale? Hilo swali sijawahi kujibiwa.

#3 Mzee wa Chumbageni
Kidedea77 limejibiwa miaka mingi. Dundee alisema hadi uzee wake kwamba alikwenda kuzikaza, sio kuzilegeza, zikalegea tena zenyewe kwa joto na unyevu wa Kinshasa. Unaweza usimwamini lakini usiseme hajajibu. Tena Dundee mwenyewe alikuwa anampigia Ali kelele atoke kwenye kamba, yeye alitaka Ali acheze miguu. Kama angekuwa amepanga mtego wa kamba asingemkataza mtu wake kuutumia.

Mimi mwaka ule nilikuwa darasa la sita Tanga. Pambano lilianza saa kumi alfajiri saa za Kinshasa ili Wamarekani waliangalie usiku wao, kwetu ikawa kama saa kumi na mbili asubuhi hivi, Jumatano. Baba alikuwa na redio ya mbao anaifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Habari ilipokuja kwamba Ali kamtoa Foreman raundi ya 8 mtaa mzima ulitoka nje, mama zetu wenye maandazi yao, wavuvi, sisi na yunifomu, shuleni tulichelewa na hakuna aliyechapwa kwa sababu mwalimu naye alichelewa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwonea huruma Foreman. Nimekuja kumwonea huruma uzeeni.

#4 chipukizi_mbagala
Wakubwa shikamooni. Mimi nilivyosikia ule wimbo wa uwanjani "Ali bomaye" ni Kiswahili cha Kongo, maana yake Ali bomoa yeye, mvunje kama boma. Ni kweli?

#5 Mwana Katanga
Bandugu jambo yenu. Miye niko Lubumbashi, mudogo wangu chipukizi, hapana. Ile ni Lingala, Kinshasa ni Lingala, sisi Kiswahili iko huku mashariki na Katanga. Koboma ni kuua. "Ali, boma ye" ni Ali, muue huyo. Haina kitu na boma yenu ya ng'ombe.

Na kuhusu kwa nini uwanja mzima ulikuwa kwa Ali, wazee wetu wanatoa sababu moja ambayo nyinyi mnaipita haraka. Foreman alishuka kwa ndege na mbwa mkubwa wa Kijerumani. Mbwa ya aina ile ndiyo Wabelgiji walikuwa wanatembea nayo. Watu walikuwa wametoka kwa mukoloni 1960, miaka 14 tu, makovu iko mwilini bado. Ali yeye alitembea mitaani kwa miguu, anabeba watoto, anakula na watu. Foreman alijifungia. Bondia mweusi mwenzao, lakini watu wakamuona Mbelgiji.

#6 Kidedea77
Mbwa hapigi ngumi mkuu.

#7 Mwana Katanga
Hapana, lakini watu 60,000 wakiimba muue saa kumi usiku, wewe ungelala vizuri?

#8 Omosh wa Jericho
Wasee niaje. Mwana Katanga ameongea fact na mimi naongezea moja. Hiyo chuki ilianza mapema, Olimpiki ya Mexico 1968. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji weusi wa Marekani, wameinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi tarehe 16 Oktoba wakafukuzwa, siku kumi baadaye Foreman anamchapa Mrusi Čepulis raundi ya 2, anachukua dhahabu ya uzito wa juu, alafu anazunguka ulingoni akipeperusha kabendera ka Marekani. Weusi wengi kwao walimwona msaliti. Yeye alieleza baadaye kwamba alikuwa tu kijana wa miaka 19 aliyefurahi, katoka mtaa mbaya Houston, Fifth Ward, serikali ikampeleka mpango wa kufunza vijana kazi ndio akajua glavu. Lakini ukiweka hiyo kando ya Ali aliyekataa jeshi 1967 na akanyang'anywa mkanda, unajua kura za Afrika ziliendea nani.

Alafu msisahau, Mexico hiyo hiyo kombe la bondia bora wa mashindano yote, Val Barker, halikuenda kwa Foreman. Lilienda kwa Philip Waruinge wetu wa Kenya aliyepata shaba. Nakuru imesema.

#9 Kidedea77
Correct Omosh, Waruinge apewe maua yake. Ila Čepulis alikuwa Mlithuania, alipigania Sovieti.

#10 Binti Makorora
Samahani wakuu naingilia, mimi si mtu wa ngumi sana ila nimefanya kazi wodini miaka 19. Mbona hamuongelei lile jeraha? Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini katikati ya Septemba, kiwiko cha mwenzake wa mazoezi, pambano likasogezwa kutoka Septemba 25 mpaka Oktoba 30. Wiki tano hizo hawezi kupigwa usoni mazoezini, maana kidonda kikifunguka tu imeisha. Yuko nchi ya joto, hana kazi kamili, hawezi kuondoka, mawazo. Mwili wa mwanamichezo ukikatishwa katikati ya maandalizi haurudi pale pale. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kamba na mbwa.

#11 Kona Nyekundu
Binti Makorora asante, hii imenigusa. Na inasaidia hoja yangu, mtu asiyezoea raundi nyingi kaongezewa wiki tano za kutokupigana. Peralta nakubali nilikosea, ila ile ilikuwa kabla hajawa jitu. Baada ya Frazier alianza kuamini hakuna mtu atakayefika raundi ya 3.

#12 Sudi Gomzi
Kwenye ile wiki ya Septemba muziki haukusogezwa, tamasha lilipigwa kama lilivyopangwa. James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, na nyumbani Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley. Fikiria Foreman kalala na plasta jichoni nje Franco anapiga gita.

#13 Mzee wa Chumbageni
Sudi umenirudisha mbali sana.

#14 Glavu Moja
Naomba niseme kama mtu aliyepanda ulingoni. Nilicheza ngumi za ridhaa miaka minane, uzito wa kati, sikufika popote pa kutangaza. Pambano langu la tatu niliingia na hasira, nikamrushia jamaa makonde ya mfululizo dakika mbili nzima kachutama kwenye kona kajifunika. Nikaamini nimemaliza. Raundi iliyofuata mikono ilikuwa kama nimebeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, nainyanyua haipandi. Yule jamaa wala hakuwa na nguvu, alinisukuma tu nikakaa chini. Kocha wangu alikuwa ananipigia makofi muda wote niongeze, niongeze.

Konde linalokosa linachosha kuliko linalopata. Likipata, mwili wa mwenzako unalisimamisha. Likikosa unalisimamisha wewe mwenyewe, kwa bega lako na mgongo wako. Foreman raundi ya 2 mpaka ya 7 alipiga mikono ya Ali, viwiko, mabega, hewa. Na kila akisogea Ali anamkumbatia shingo anamkandamiza chini, ule uzito wote anaubeba yeye. Tena raundi ya 1 Ali alishamtia ngumi za kulia za moja kwa moja bila kutanguliza kushoto, kitu ambacho bondia wa kawaida hathubutu kwa sababu ni njia ndefu na unajiacha wazi. Ile ilimpandisha Foreman hasira. Hasira ndiyo iliyokula pumzi.

Hamtaki kusema neno hili lakini ni Ali. Ali ndiye aliyemwangusha. Mnatafuta mchawi na muuaji yupo pale amesimama.

#15 Kidedea77
Glavu Moja hiyo ya konde linalokosa sijawahi kuifikiria. Nakaa nayo.

#16 Tajiri wa Manzese
Na maji je? Foreman mwenyewe aliandika kwenye kitabu cha maisha yake 1995 kwamba kabla ya pambano alipewa maji na mtu wa kona yake yakawa na ladha ya dawa, akaingia ulingoni tayari mzito. Kasema mwenyewe sio mimi.

#17 Mzee wa Chumbageni
Kasema, na kabla ya hapo kasema kamba, na refa Zack Clayton kahesabu haraka. Kila miaka alikuwa na yake. Ukweli wa kuhesabu ni kwamba zilibaki sekunde 2 raundi ya 8 iishe, kwa hiyo angesimama mapema kidogo angeenda kukaa kwenye stuli, hilo linauma nalielewa. Lakini kadi zote tatu za pointi, ya refa na za majaji wawili, zilikuwa zimeshampa Ali anaongoza.

Mwishoni kabisa aliacha yote. Alikuwa anasimulia kwamba raundi ya 7 alimpiga Ali konde zito la ubavuni, akadhani limekwisha, Ali akamnong'oneza sikioni, George, ndio hizi tu ulizonazo? Na yeye moyoni akajijibu, ndio, ndizo hizi. Mtu anayeweza kusimulia hivyo kuhusu siku mbaya kuliko zote maishani mwake ameshapona.

#18 chipukizi_mbagala
Kwa hiyo baada ya hapo alistaafu?

#19 Kona Nyekundu
Hapana dogo, ndipo sehemu ninayoipenda inaanzia, nashukuru umeuliza. 1975 Toronto alipigana na watu watano usiku mmoja, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Januari 1976 Las Vegas na Ron Lyle, kwangu mimi hilo ndilo pambano la uzito wa juu lenye fujo kuliko yote, wameangushana wote wawili, Foreman kadondoka mara mbili kanyanyuka kamtoa raundi ya 5. Frazier tena mwaka huo, ya 5. Kisha Machi 17, 1977 San Juan, Puerto Rico, Jimmy Young anamshinda kwa pointi na kumdondosha raundi ya 12. Chumba cha kubadilishia nguo, Foreman anaona anakufa. Anasema aliona giza tupu, akamlilia Mungu, akatoka pale anapiga kelele jina la Yesu. Akaacha ngumi miaka kumi. Akawa mchungaji Houston, na 1984 akafungua kituo cha vijana.

#20 Binti Makorora
Kitaalamu, mtu aliyepigana raundi 12 kwenye joto la Puerto Rico, kapigwa kichwani, kakosa maji mwilini, anaweza kuona na kusikia mambo. Nimeona wagonjwa wa joto wakiongea na marehemu.

#21 Mchungaji Kijana
Dada yangu nakuheshimu sana na kazi yenu ni ya Mungu. Lakini mgonjwa wa joto akipewa dripu anarudi kuwa yule yule. Huyu hakurudi. Aliingia yule chumbani mtu ambaye wenzake walikuwa wanaogopa kumsalimia, akatoka mtu anayecheka na watoto, na akabaki hivyo miaka 48 mpaka anakufa. Joto gani linadumu miaka 48?

#22 Binti Makorora
Mchungaji hapo sina jibu, nakiri. Vyote viwili vinaweza kuwepo.

#23 Tajiri wa Manzese
Alirudi kwa sababu ya hela bana. Kituo cha vijana kiliishiwa.

#24 Kona Nyekundu
Ndio, na hakuficha. Alisema alichoka kusimama makanisani watu wakimchangia. Machi 1987 akarudi, Sacramento, dhidi ya Steve Zouski, kanenepa, kanyoa upara, magazeti yanamcheka. Watu walisema anapigana na vibonde, sawa, vingine vilikuwa vibonde. Lakini 1990 akamtoa Gerry Cooney raundi ya 2. Aprili 1991 akiwa na miaka 42 akaenda raundi 12 zote na Evander Holyfield, kapoteza kwa pointi lakini uwanja umesimama. Na hapa namjibu tena Kidedea77: yule wa 1991 alikuwa anajua kukaa raundi 12, yule wa 1974 hakujua. Huyo wa 1991 kati ya raundi hata kukaa kwenye stuli alikuwa hakai, anasimama!

#25 Omosh wa Jericho
Mimi mwaka wa 1994 nauchukulia tofauti. Julai mwaka huo Robert Wangila, bondia wetu wa dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, alifariki Las Vegas baada ya pambano. Miaka 26. Nyumbani tulilia. Miezi minne baadaye mji huo huo mzee wa miaka 45 anapanda ulingoni na bingwa Michael Moorer, naye 26. Babangu alikataa kuangalia. Alisema hawa watu wanataka kuua mtu mwingine. Mimi nikaangalia kanda baadaye, na raundi tisa zote nilikuwa upande wa babangu, ule uso umevimba, Moorer anampiga anavyotaka.

#26 Kidedea77
Pole sana Omosh, Wangila hasahauliki.

#27 Kona Nyekundu
Pole mkuu. Baba yako hakukosea, Foreman mwenyewe alilazimika kwenda mahakamani ndipo pambano likaruhusiwa, wapo waliosema umri ni mkubwa. Novemba 5, 1994. Moorer hajapigwa, 35 kwa 0, anaongoza kwa majaji wote. Foreman kavaa bukta ile ile nyekundu ya Kinshasa. Raundi ya 10, kushoto na kulia fupi kabisa, halikusafiri hata nusu mkono, Moorer kalala chali. Miaka 20 na siku kadhaa tangu Ali. Foreman akaenda kwenye kona akapiga magoti.

Na nani alikuwa kwenye kona yake usiku ule? Angelo Dundee. Yule yule wa kamba.

#28 chipukizi_mbagala
Weeee

#29 Glavu Moja
Kama Foreman angeamini kweli Dundee alimfanyia kamba asingemkabidhi maisha yake. Kidedea77 unasemaje?

#30 Kidedea77
Au alimchukua ili mara hii alegeze za mwenzake. Natania wakuu. Hilo ni pigo, nalikubali, lakini kamba zilikuwa zimelegea, picha zipo, aliyezilegeza awe mtu au hali ya hewa mimi sijali. Ulingo wa kamba zilizokazwa Ali hafiki ya 8.

#31 Masudi_Minneapolis
Salaam kutoka kwenye baridi. Huku mtoto wangu anamjua Foreman kama jina la jiko. Ile mashine ya kubania nyama ya mafuta yanatiririka, ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na mwaka 1999 wakamlipa kama dola milioni 138 kwa jina lake tu. Kinshasa kalipwa milioni 5. Nimemkalisha mwanangu tukaangalia ya Moorer, ananiuliza baba kumbe huyu wa jiko alikuwa anapigana?

#32 Omosh wa Jericho
Masudi unachoma nyama na stima? Rudi nyumbani ndugu yetu.

#33 Masudi_Minneapolis
Omosh nje kuna theluji ya magoti. Nichome wapi?

#34 Sudi Gomzi
Hivi ni kweli watoto wake wa kiume wote wanaitwa George?

#35 Masudi_Minneapolis
Wote watano. Alisema ili wawe na kitu kimoja wanachoshiriki, mmoja akipanda wote wamepanda, akianguka wote wameanguka.

#36 Tajiri wa Manzese
Ndiye bingwa mzee kuliko wote duniani tukubaliane.

#37 Kidedea77
Wa uzito wa juu ndiyo, mpaka leo. Mikanda yote kwa ujumla Bernard Hopkins alimpita 2011, miaka 46, lakini uzito wa chini ya hapo.

#38 Mzee wa Chumbageni
Kwa kuwa mmemsifia Ali mno niwape na hii. Februari 1980 alikuja Dar, katumwa na Rais Carter kutuomba tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu akakataa kumpokea. Watu barabarani tulimshangilia kama mwendawazimu, lakini Ikulu hapana. Tukaenda Moscow, Filbert Bayi akaleta medali ya fedha, Suleiman Nyambui naye ya fedha. Jirani zetu wa kaskazini walibaki nyumbani.

#39 Omosh wa Jericho
Mzee hiyo imeuma. Lakini shikamoo.

#40 Mwana Katanga
Huku uwanja bado iko pale Kinshasa, zamani 20 Mai, leo Tata Raphaël. Wazee wanasema kitu kimoja zaidi. Baada ya pambano tu mvua kubwa ikashuka, uwanja ukajaa maji. Kama ingekuja saa moja mapema hakuna pambano, hakuna raundi ya 8, na hakuna uzi huu.

#41 Kona Nyekundu
Mwana Katanga asante. Nimesoma wote. Glavu Moja umenitikisa kuliko wote ila bado sijahama, hasira na pumzi ni vya mtu aliyezoea kumaliza mapema.

#42 Kidedea77
Nimerudi kuangalia raundi ya 5 usiku huu sauti nimezima. Foreman anapiga kama anapasua kuni, Ali yuko kwenye kamba, kamba ZIMELEGEA nasema tena. Halafu kama sekunde 30 za mwisho Ali anatoka pale anamshushia mvua, na Foreman anarudi kinyumenyume miguu imekuwa mizito. Hapo hakuna kamba nyuma ya Ali, wako katikati. Nimerudia mara nne. Nani anayo kanda nzima raundi zote 8, isiyokatwa mapumziko? Nataka kuona Foreman anavyokuwa kwenye kona kati ya raundi.